Fika Mapema, Chelewa Kuondoka: Kwa Anayeanza Mikutano ya Kuacha Pombe

Mara mbili nilifika mpaka mlangoni nikageuza. Mara ya tatu nikakuta mtu anaingiza viti ukumbini, akaniomba nimsaidie kubeba viwili. Nikabeba. Nilipokuja kushtuka niko ndani, kiti mkononi, na watu wananisalimu. Haya nawaandikia ninyi ambao bado mnazunguka nje.

Kwanza suala la afya, na hapa sitaki mtu apuuze. Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwone daktari kwanza. Mwili uliozoea pombe nyingi ukiikosa ghafla unaweza kupatwa na degedege, kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, hasa katika siku 2 au 3 za mwanzo, na kuna wanaopoteza maisha hivyo. Mkutanoni hakuna dawa wala dripu. Utaenda ukishakuwa salama.

Mikutano utakayoipata kwa urahisi zaidi ni ya Alcoholics Anonymous, yaani AA. Ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, pale Bill Wilson, aliyekuwa mtu wa soko la hisa, alipokutana na daktari wa upasuaji Bob Smith. Wote wawili walikuwa wamehangaika na ulevi kwa miaka mingi. Waligundua kwamba mlevi akikaa na mlevi mwenzake wakaambizana ukweli, siku hiyo inapita bila kunywa. Mpaka leo kazi ya mkutano ni hiyohiyo.

Orodha ya mikutano iko kwenye tovuti yao, pamoja na ile ya mtandaoni kwa aliye mbali. Ila hakikisha kwa simu kabla ya kutoka nyumbani, maana makundi huhama ukumbi na orodha hubaki ya zamani. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi unaweza kwenda hata na ndugu yako. Wa ndani ni wa wenye shida ya pombe tu. Wengi hukutana kwenye kumbi za makanisa kwa sababu ndizo zinazopatikana, lakini AA si ya kanisa lolote. Ada hakuna. Sharti la kujiunga ni kutaka kuacha kunywa, basi. Kikapu cha mchango kikipita, wewe mgeni kisogeze kwa jirani bila aibu.

Hulazimiki kuzungumza. Sema jina lako la kwanza na kwamba leo umekuja kusikiliza, inatosha. Mwenzako akiongea hakatizwi wala hajibiwi. Utasikia Mungu akitajwa katika hatua 12 ambazo AA huzifuata ili kuacha pombe, na wapo wanaoshindwa hapo. Zinasema Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomwelewa, na nimekaa na wasioamini kabisa ambao wana miaka mingi hawajaonja pombe. Kama bado haikai vizuri moyoni, kuna SMART Recovery, inayotumia mazoezi ya kubadili fikra na mwenendo badala ya mambo ya imani. Familia nazo zina Al-Anon, iliyoanza mwaka 1951.

Usihukumu kwa mkutano wa kwanza. Kuna makundi yenye joto na mengine yamepoa. Mimi huwa nasema jaribu mikutano sita, tena ya makundi tofauti, ndipo useme haikufai.

Sasa lile ninalolijali zaidi. Wageni wengi huingia mkutano ukiwa umeshaanza, hukaa karibu na mlango, na wakisikia neno la mwisho wanatoka mbio. Nilifanya hivyo wiki nyingi na sikumjua mtu. Fika robo saa kabla. Panga viti, chemsha maji. Baada ya mkutano baki ufagie, kwa sababu hapo ndipo watu hupeana namba za simu, na namba hizo ndizo zitakazokubeba siku ambazo hakuna mkutano. Halafu zipige siku ambayo huna hamu ya pombe, ili ile siku mbaya kidole kiwe kimeshazoea.

Usiku mmoja nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda baa. Nikatoa mfukoni kikaratasi cha zile namba, kimekunjwa mara nne, nikampigia mwenzangu mmoja wa mkutanoni. Hakunihubiria. Aliniuliza, "Umekula?" Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Akakaa kwenye simu nikipika, hatuzungumzi chochote cha maana, mpaka nikamaliza kula na kuvua viatu.

Baadaye utatafuta mlezi, mtu aliyekaa muda mrefu zaidi bila kunywa, wa kukupitisha kwenye zile hatua. Usiharakishe. Chagua usiyeweza kuvutiwa naye kimapenzi. Na anayekukopa pesa, au kukuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, mkimbie. Hiyo si kazi ya mlezi.

Ukiteleza ukanywa, nenda mkutano unaofuata, usingoje aibu ipungue. Mimi niliingoja miezi minne, na miezi yote hiyo nilikuwa nakunywa. Hata kama umelewa siku yenyewe, makundi mengi yatakupokea na kukuomba tu usikilize bila kuchangia. Ila usiendeshe gari. Piga namba mojawapo kwenye kile kikaratasi, mwombe mtu aje akuchukue.