Dalali mtandaoni: bei iko wapi?

Naweka picha nzuri Instagram. Watu wanauliza bei, kisha wanapotea. Kwa nini? (Dalali, Sinza)

Kwa sababu umewalazimisha waulize. Kaka, ukiandika "bei njoo inbox", mwenye uwezo wa laki tatu na mwenye laki nane wote wanakuja, nawe unashinda unawajibu. Andika bei, andika na miezi inayotakiwa. Chumba na sebule cha laki tatu, kodi ya miezi sita, ni milioni 1.8. Ongeza mwezi mmoja wako dalali, inafika milioni 2.1. Afadhali ajue akiwa kwake kuliko ajue ameshalipa bodaboda.

Halafu jibu yale yanayoulizwa kila siku. LUKU ni ya peke yake au mnachangia? Maji ni ya DAWASA au kisima? Masika gari linafika getini? "Dakika tano toka stendi" ni kwa miguu au kwa pikipiki? "Nyumba kali, wahi" haijibu hata moja.

Tovuti yetu inafunguka taratibu mno. Tuhame kampuni inayoihifadhi? (Mbezi Beach)

Angalieni picha kwanza. Picha ya simu za sasa inaweza kufika MB 4. Zikiwa kumi, mteja ameliwa MB 40 za bando kabla hajaliona jiko. Upana wa pikseli 1200 unatosha, na kila picha ishushwe hadi KB 200 hivi. Na choo kipigwe picha, jamani. Geti mara sita, choo hakuna: mtu anajua kuna kinachofichwa.

Nina wafuasi wengi. Tovuti ya nini? (Kigamboni)

Kwa vyumba vya kupanga, pengine huihitaji. Kwa viwanja unaihitaji, dada yangu. Ndugu aliyeko Muscat hanunui kiwanja kwa stori inayofutika baada ya saa 24. Anataka ukurasa unaobaki: kitalu na namba ya kiwanja, mita za mraba, kimepimwa au bado, kina hati au ni karatasi za mauziano za serikali ya mtaa tu. Mshauri afanye upekuzi ofisi ya ardhi, yaani athibitishe mmiliki ni nani, kabla hajatuma hata senti. Ila picha ya hati nzima, yenye jina na sahihi ya mmiliki, usiibandike. Hiyo ni zawadi kwa matapeli.

Nyumba ikishapata mpangaji, nifute tangazo? (Goba)

Andika "imepangwa" siku hiyo hiyo, uache ukurasa, uweke viungo vya nyumba nyingine za Goba. Kuiacha ionekane bado iko wazi, iwe chambo, ni utapeli mdogo, na watu hawasahau.

Mwenzangu ananiuzia orodha ya namba za wateja. Ninunue? (Tegeta)

Usinunue. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na hao watu hawakukupa namba wewe. Isitoshe, ujumbe wa orodha ya matangazo (broadcast) ya WhatsApp unawafikia waliohifadhi namba yako tu.