Mvua ya Hiroshige: usikimbilie kusema ni machozi

Kuna msomaji kaniandikia inboksi, anasema "dada, nimeandika kuhusu ile chapa ya Hiroshige ya daraja na mvua, nikasema daraja ni safari ya kwenda kifo na mvua ni machozi, mwalimu kanirudishia insha yote, nifanyeje?" Hiroshige ni mchoraji wa Kijapani wa karne ya 19, na chapa ni picha inayochapwa kwenye karatasi kwa mbao zilizochongwa. Nimeona nijibu hapahapa, maana najua wote tunaosomana humu tunataka siku moja tuandike kuhusu sanaa na watu wakubali, na hapa ndo wengi tunakwama.

Mi mwenyewe nikiwa chuo mwalimu mmoja aliniambia mbele ya darasa zima kwamba mtu wa kwetu hawezi kuisoma picha ya Kijapani, atabuni tu. Neno lile linaniuma mpaka leo. Nikaing'ang'ania chapa hiyohiyo, nikaisoma, nikaiandika upya na upya, na mwezi uliopita makala yangu imekubaliwa kwenye jarida na mhariri hakugusa hata hoja moja. Najivunia sana, sifichi.

Sasa basi, nilichokuwa nafanya ni kuangalia kwanza kazi ya mikono. Chapa ni ya mwaka 1857, mvua ya ghafla imewakuta watu juu ya daraja la Shin-Ohashi, mto Sumida, mji wa Edo ambao leo ni Tokyo. Isogelee hiyo mvua. Ni mistari myembamba myeusi, na haiendi sambamba yote, mingine imelala zaidi ikapishana na mingine, ndo maana macho hayatulii. Halafu kumbuka hii imechongwa kwenye ubao, yaani kila mstari wa mvua ni ukuta mwembamba wa mti ambao mchongaji kauacha umesimama, mbao yote ya pembeni kaiondoa kwa patasi, akiteleza kidogo tu mstari umekatika. Mchongaji huyo sio Hiroshige, yeye alichora, akachonga mwingine, akachapa mwingine tena. Lile wingu jeusi huko juu ni mkono wa mchapaji, anapaka wino kwenye ubao wenye majimaji ili weusi ufifie taratibu ukishuka, kwa hiyo nakala moja wingu ni zito linatisha, nyingine limekaa kipole. Mtu anayeandika "picha hii ina huzuni" hajasema ni nakala ipi! Angalia nakala mbili tatu kabla hujaandika kitu, hilo nalisisitiza.

Angalia na watu sasa. Wameinama, wamejificha chini ya miavuli na kofia, wengine wamejifunika jamvi, sura huzioni, kila mtu na haraka zake. Chini mtoni kuna mtu mmoja na chelezo lake la magogo, ana upondo na vazi la majani, yeye hakimbii, anaendelea na kazi. Ukingo wa ng'ambo umelala mshazari, mtaa wa Atake wote umekuwa kivuli cha kijivu. Hali ya picha inatoka hapo, kwa watu kukosa sura na ardhi kukosa usawa, na mimi naona wasiwasi na upweke, ila wa jioni moja ya kiangazi, mvua itapita.

Alama zije baada ya hapo na ziwe na ushahidi. Tetemeko kubwa liliipiga Edo mwaka 1855, Hiroshige akaanza mfululizo wa chapa za mji huo, hii yetu ikiwa mojawapo, 1856, akafariki 1858. Kwa hiyo ukitaka kusema daraja lina maana, mi ningeanzia kwa watu wa Edo wanaoona mji wao umesimama tena na watu wanavuka, kuliko kuleta kifo ambacho hakuna anayekiona pale. Jamani tuache uvivu wa kubandika maana, mvua machozi, ndege uhuru, maua mapenzi, tunajidharaulisha wenyewe halafu tunalalamika hatusikilizwi.

Kwako mdogo wangu: chukua chapa uiweke pembeni ya nakala ya rangi za mafuta aliyoichora Vincent van Gogh, mchoraji wa Kiholanzi, mwaka 1887. Rangi kazikoleza, pembeni kazungushia herufi za Kijapani alizozitoa kwenye chapa nyingine. Andika kila kilichobadilika kwenye mvua, kwenye maji, kwa yule mtu wa chelezo, halafu nitumie hiyo kabla hujamrudishia mwalimu.