"Mwamba hatuugusi, msitu wa nini?"

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa huku Kolo, Kondoa. Wenzangu wanakata miti ya mkaa chini ya miamba yenye michoro. Nikiwakataza wananijibu, "Sisi mwamba hatuugusi." Je, msitu nao una haja gani ya kuhifadhiwa?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na ahsante kwa kuwakataza. Nimepandisha wageni kwenye miamba hiyo miaka mingi, na jambo hili linanichoma.

Michoro ile haina kioo wala mlango. Ina jabali lililoinama, na mbele yake miti. Miti ndiyo pazia lake: inakinga jua, upepo na mvua ya mshazari. Ikiondoka, vumbi linaganda juu ya rangi. Mgeni akija haoni vizuri, anachukua chupa na kumwagia maji ili wekundu uchomoze. Unachomoza kweli, kwa dakika chache. Maji yakikauka yanaacha utando mweupe wa chumvi, na utando huo hautoki. Namkumbuka mtu mmoja mwekundu, mwembamba, urefu wa kiganja, nywele zake zimechorwa uzi mmoja mmoja. Alipotea hivyo, kuanzia miguuni.

Na udongo wetu unaujua. Waulize wazee kuhusu HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi wa kuokoa udongo ulioanza mwaka 1973. Makorongo yalikuwa yamekula milima hadi mwaka 1979 mifugo ikaondolewa. Iliuma sana, sikatai. Kumwambia mtu ahamishe ng'ombe wake si jambo dogo. Lakini majani na vichaka vilirudi.

Halafu kuna Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro. Watu bado wanapanda pale kwa matambiko, kuomba mvua na uponyaji. UNESCO ilipoiingiza michoro ya Kondoa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, iliangalia pia mila hizo zilizo hai. Sasa tambiko la mvua lifanyike katikati ya visiki?

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, omba suala la mkaa liingie kwenye mkutano ujao. Kabla ya hapo, wachukue wenzako wawili asubuhi, wasimame mbele ya jabali. Waonyeshe michoro myekundu ya wawindaji, na ile myeupe iliyokuja baadaye ikachorwa juu yake. Chupa za maji waziache kwenye pikipiki.