Kitabu mkononi, simu hali ya ndege

Kuna swali naulizwa sana na washkaji, nawezaje kusoma vitabu na bado nipige picha wakati kazi ni zilezile za asubuhi mpaka jioni kama watu wengine. Jibu ni kwamba muda wa peke yake wa hivo vitu mi sina, natumia ule wa kusubiri. Foleni, kikao kimeitwa saa tatu na aliyekiita mwenyewe hajafika, umempeleka mtu kwa daktari na we uko nje kwenye benchi, yani siku nzima imejaa vipande vya dakika kumi kumi ambavyo kawaida simu inavimeza kabla hujajua vimeenda wapi.

Na hapo ndo penye kazi, maana simu hiyohiyo ndo kamera yako. Unaitoa upige kivuli kizuri ukutani, meseji inaingia, unajibu, unaona mtu kaposti kitu, ukija kushtuka jua limeshahama na kivuli hakipo. Dawa yangu ni kuiweka hali ya ndege. Kamera haihitaji mtandao wala bando, inapiga kama kawaida. (Kama una mgonjwa au mtoto mdogo nyumbani zima data tu, laini iache hewani.)

Kitabu nabeba cha karatasi. Sio kwamba vya kwenye simu havifai, ila cha karatasi hakiwezi kukuletea matokeo ya mechi. Kiwe chepesi kubeba na kiwe kitu unachokipenda kwelikweli, hata kama ni hadithi za kipelelezi ambazo mwalimu wako wa zamani angezikunjia uso. Hadithi fupi ni nzuri kwa kuanzia, nyingi unazimaliza kwa mkao mmoja. Na kikikuchosha kiache, hakuna mtihani. Hawa wanaotangaza wamesoma vitabu mia kwa mwaka mi naona wanajitesa na kututesa na sisi.

Sasa kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba kusoma ndo kulinifundisha kupiga picha kuliko zile video zote za mafunzo. Angalia mwandishi mzuri anavyokuingiza chumbani kwa mtu: hakuhesabii viti na mapazia, anakuonyesha miwani iliyofungwa uzi pale mkono ulipovunjika, basi, umeshamjua mwenye chumba, umri wake, mfuko wake, hata ubahili wake. Vingine vyote kavinyamazia. Sisi wa picha za simu tunafanya kinyume, tunarudi nyuma ili kila kitu kiingie, mti, ukuta, watu, mawingu, afu tunashangaa mbona picha haina kitu. Siku hizi nikikuta sentensi imenifanya nione kitu naipigia mstari kwa penseli, na nikiwa na kamera najiuliza, miwani ya hapa ni ipi? Nikiipata naisogelea, kwa miguu. Usivute kwa vidole, maana ukishapita uwezo wa lenzi yenyewe simu inakata tu kipande cha picha na kukikuza, ndo maana inatoka imechoka. Isipokua sura ya mtu, hiyo usiisogelee sana, kamera kuu ya simu inaona kwa upana na ukiwa karibu pua inakua kubwa masikio yanarudi nyuma. Kaa mbali kidogo, piga, pembeni utakata baadae.

Mwanga je? Jua la mchana liko juu ya kichwa, linamtia mtu vivuli machoni. Mwanga wa dirishani unaokuja kwa ubavu ndo unaoonyesha mikunjo ya nguo na makovu ya meza, na ni wa bure. Jua likiwa ndo limechomoza au linakaribia kuzama mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi, bluu inatawanyika njiani, unabaki ule wa dhahabu ambao kila mtu anaupenda. Halafu gusa kioo pale unapotaka paonekane vizuri, na ushushe mwanga kidogo kwa kidole, simu nyingi zinapenda kuangaza vivuli mpaka picha inapauka. Na futa lenzi jamani! Imeshinda mfukoni, imeshikwa na vidole vya mafuta, afu tunalaumu kamera.

Mtu ninayependa kumtolea mfano ni Vivian Maier, aliyezaliwa 1926 akafariki 2009. Alikua yaya, miaka mingi akiwa Chicago, na akitoka na watoto wa watu alikua na kamera, anapiga wapita njia, vivuli, na yeye mwenyewe kwenye vioo vya maduka. Watu wakaja kumjua baada ya maboksi yake kuuzwa mnadani mwaka 2007, picha zinahesabiwa zaidi ya laki moja na mikanda mingine ya filamu ilikua haijawahi hata kusafishwa. Kamera yake ya Rolleiflex ilitoa picha 12 tu kwa mkanda mmoja. Mi nimeigeuza hiyo kua zoezi: toka nje na picha 12 kichwani, ukimaliza umemaliza, hakuna kufuta ili upate nyingine. Utaona unavyoanza kusubiri mtu afike kwenye mwanga badala ya kubonyeza hovyo.

Kuchagua usifanye siku hiyohiyo, bado unakumbuka ulivyotaabika kuipata na unaihurumia. Subiri zipoe, afu bakiza moja au mbili. Kama ndani kuna sura ya mtu, hasa mtoto, omba ruhusa kabla ya kuposti, na akikataa kubali.

Mwisho kuhusu kamera kubwa, maana najua litakuja tu. Ngoja mpaka useme kwa sentensi moja simu inakushinda wapi. Kama ni ndege walio mbali au mechi za usiku, sawa, hapo lenzi ndefu na kihisi kikubwa (kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera) vina maana. Kama huwezi kuisema hiyo sentensi, hela hiyo nunulia vitabu.