Maswali yenu: Vifaa vya mvinyo na bia ya nyumbani, Kariakoo au kuagiza?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: anayetengeneza mvinyo, bia au togwa nyumbani apate wapi vifaa, dukani au mtandaoni? Msimamo wangu niuseme mapema. Karibu kila kitu kipo hapa Dar es Salaam. Vichache visivyopatikana ndivyo vinavyotaka uangalifu zaidi, maana ama vina uhai, ama ni vya kioo, ama joto huviua.

Dada, habari za kazi. Nataka kutengeneza mvinyo wa nanasi, lita 20, kwa ajili ya sendofu ya mdogo wangu mwezi wa kumi na mbili. Nimeona seti kamili inauzwa mtandaoni nje ya nchi. Niagize, au nizunguke Kariakoo? (Msomaji, Tabata)

Zunguka Kariakoo. Ukifungua hiyo seti utakuta ndoo yenye mfuniko, dumu, mpira wa kuhamishia, kizuia hewa, kipimo cha sukari (haidromita) na pakiti ya chachu. Vinne vya kwanza unavipata kwa asubuhi moja.

Ndoo na dumu nunua kwa wauza plastiki, na useme wazi kwamba ni vya chakula. Ndoo iliyokuwa na rangi au dawa usiikubali hata ikisuguliwa ikang'aa, kwa sababu plastiki hushika harufu na kuirudisha kwenye mvinyo. Fungua mfuniko, ingiza pua, vuta. Ukisikia chochote, rudisha. Faida ya duka ndiyo hiyo, picha ya kwenye simu hainusiki. Kizuia hewa unakitengeneza kwa mpira mwembamba wa dripu, unaopatikana duka la dawa: upande mmoja unapita kwenye tundu la mfuniko, uzibe vizuri pembeni, upande wa pili unazama kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa na inzi hawaingii. Mizani ndogo ya dijitali na asidi ya sitriki ziko kwenye maduka ya vifaa vya keki. Kitambaa cha kuchujia ni melkani safi, iliyochemshwa.

Kuhusu bei ya kuagiza, nikupigie hesabu. Tuseme seti ni shilingi 100,000 na usafiri 60,000. Forodha hawaangalii bei ya dukani peke yake, wanajumlisha na usafiri, kwa hiyo unaanzia 160,000. Ikitozwa ushuru wa asilimia 25, kama zinavyotozwa bidhaa nyingi zilizokamilika, inaongezeka 40,000. Juu ya hiyo 200,000 inakuja VAT ya asilimia 18, yaani 36,000. Umeshafika 236,000, na bado tozo ndogondogo na boda wa kukuletea Tabata. Fedha hiyo inanunua mananasi ya Kiwangwa mengi sana pale Mabibo au Buguruni.

Anza mapema, lakini. Mvinyo wa nanasi unataka miezi mitatu hivi ndipo utulie mdomoni.

Hamira ya mkate ya kwa Mangi inatosha, au lazima chachu ya mvinyo? Wauzaji wa mtandaoni wanasema hamira ni sumu kwenye pombe. (Msomaji, Kinondoni)

Hamira si sumu. Hamira ya mkate na chachu ya mvinyo ni ndugu wa ukoo mmoja kabisa, tofauti yao ni kile walichofugwa kukifanya. Hamira imefugwa iumue unga kwa haraka. Ukiitia kwenye juisi inafanya kazi kwa kishindo siku za mwanzo, kisha pombe ikipanda inachoka, inaacha sukari, haitulii vizuri chini ya dumu, na mara nyingi inaacha harufu ya unga mbichi. Chachu ya mvinyo inavumilia pombe zaidi, inazama na kushikana chini, na harufu ya tunda inabaki. Pakiti ya gramu 5 inatosha lita 20. Kwa jaribio la kwanza la lita 5, tumia hamira bila wasiwasi. Kwa sendofu, tafuta chachu yenyewe. Kwangu chachu ni kitu cha kwanza kinachostahili kuagizwa, kwani ni nyepesi kama barua.

Lakini chachu kavu ni viumbe hai vilivyolala. Mwaka mmoja niliagiza pakiti sita, zikafika Dar mwezi wa pili, zikakaa wiki tatu kwenye stoo ya wakala yenye paa la bati. Tarehe ya mwisho ilikuwa mbali bado, pakiti hazina hata mkunjo. Nne hazikuamka. Niliumia, kwa sababu juisi ya choya ilikuwa tayari imechemshwa na kupoa, na ikabidi niiokoe kwa hamira.

Tangu hapo naagiza kati ya Juni na Agosti, jiji likiwa limepoa kidogo, na zikifika zinaingia friji siku hiyohiyo. Kabla ya kutumia naijaribu: kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi uvuguvugu, sukari nusu kijiko, namwaga chachu juu. Isipotoa povu ndani ya nusu saa, siiamini na juisi yangu.

Wapo wauzaji wa humu humu mjini wanaoleta chachu na kuitangaza Instagram. Bei yao iko juu, nami nawalipa kwa moyo mweupe kama wananijibu maswali mawili: tarehe ya kwisha ni ipi, na pakiti zinakaa wapi. Anayekutumia picha ya pakiti ikiwa ndani ya friji ameshajibu yote.

Na ukipenda bia, ulizia kveik, chachu ya asili ya Norwei. Chachu nyingi za bia zinataka nyuzi 18 hadi 22, na chumba cha kawaida cha Dar hakifiki huko mchana bila kiyoyozi. Kveik inafanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 35. Ilitoka nchi ya baridi kali, lakini kwa joto letu sijaona inayotufaa kuishinda.

Shikamoo dada. Nimeuziwa haidromita kwa mafundi betri, bei poa. Naitumbukiza kwenye juisi, kielea hakinyanyuki. Ni mbovu? (Kijana wa Ubungo)

Marahaba mdogo wangu. Si mbovu, ni ya asidi. Ile yenye puto la mpira juu na rangi nyekundu, nyeupe na kijani ndani inapima maji ya betri, na kipimo chake kinaanzia 1.100 hivi kwenda 1.300. Namba hizo zinaonyesha kimiminika ni kizito kiasi gani kuliko maji, ambayo ni 1.000. Juisi yako ya kuanzia inasoma 1.080 au 1.090, na mvinyo ukiiva unashuka hadi 1.000 au chini kidogo. Kwa hiyo kielea chake hakina la kukusomea. Na kama imeshawahi kuingia kwenye betri, hiyo juisi mwaga. Tafadhali usiionje.

Unayoitaka ni ya kioo, nyembamba, ndefu, yenye uzito chini. Ulizia kwenye maduka ya vifaa vya maabara kabla ya kuagiza, na uihakiki palepale kaunta kwenye maji safi. Isome 1.000 kwenye maji ya nyuzi 20. Maji yetu ya bomba yana joto zaidi, kwa hiyo ikisoma pointi mbili au tatu chini ya hapo, yaani 0.998 au 0.997, iko sawa. Ukiagiza, mwambie muuzaji aifunge ndani ya bomba gumu la plastiki. Ikifika imevunjika, nani utamdai?

Hesabu yenyewe ni nyepesi: namba ya mwanzo toa namba ya mwisho, zidisha kwa 131. Kutoka 1.085 hadi 1.000 unapata pombe ya asilimia 11.

Sisi nyumbani ni watu wa Kilimanjaro, mbege tunaijua. Sasa nataka bia ya shayiri. Kimea na hopsi nipate wapi? (Msomaji, Kimara)

Inauma kidogo kusema hivi, kwa sababu shayiri inalimwa hukohuko kwenu, West Kilimanjaro, lakini kimea chake kinakwenda viwandani na sokoni hukioni. Kukiagiza ni kununua uzito: bia ya lita 20 inakula kilo nne hadi tano za kimea, na mzigo wa ndege unalipiwa kwa kilo. Sikushauri.

Nakushauri uchukue kimea cha ulezi, uagize hopsi peke yake. Kimea cha ulezi unakipata sokoni hapo hapo Kimara au Tandale, na kina mama wanaokiuza wanajua kiliota lini na kilianikwa wapi. Hakuna duka la mtandaoni litakalokupa maelezo hayo. Kazi nayo unaijua tayari: uji unapikwa uive kabisa, unaachwa upoe hadi karibu nyuzi 65, kisha kimea kinatiwa na kuachwa saa nzima kigeuze wanga kuwa sukari. Ni njia ileile ya bibi zetu, wewe unaongeza kipimajoto tu.

Hopsi ni maua ya mmea, nayo ndiyo inayotia uchungu na harufu ya bia, kama gome la mti wa msesewe linavyotia uchungu kwenye mbege. Inalimwa Afrika Kusini, Ulaya na Marekani, hapa kwetu hapana. Adui zake ni hewa na joto. Nunua iliyofungwa kwenye pakiti ya foili iliyonyonywa hewa, na ikifika iweke kwenye friza. Ukiifungua ikanuka jibini, imekufa. Gramu 30 hadi 50 zinatosha lita 20, kwa hiyo usiagize nusu kilo kwa sababu ya punguzo la bei.

Na msesewe je? Mimi nimewahi kuonja bia ya ulezi iliyotiwa hopsi kidogo na msesewe kidogo, na sijaisahau. Muulize mzee anayejua kipimo chake kwanza, gome lile ni dawa kali na halikisiwi.

Asalaam alaykum. Pombe mimi situmii, natafuta kimea cha togwa. Kuna mtu anauza mtandaoni kimea cha kutoka nje, eti ni safi zaidi. (Mama wa watoto watatu, Magomeni)

Waalaykum salaam, dada yangu. Usiagize. Kimea cha ulezi au mtama cha sokoni kinatosha. Chukua kiganjani, kinuse: kinatakiwa kinukie utamu kama nafaka iliyokaangwa kidogo. Chenye uvundo, madoadoa ya kijani au meusi, kiache, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Ukiweza, nunua punje zilizoota na kukauka, ukasagishe mwenyewe mashineni. Na togwa inywewe mapema au iingie friji. Ikilala nje usiku mbili kwa joto letu, inaanza kuchachuka, na wewe huitaki ifike huko.

Nimelipa kwa simu kwenye duka la Instagram, siku 12 sasa kimya. Nifanyeje? (Msomaji, Kigamboni)

Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako leo, eleza muamala na namba yake. Tunza picha za mazungumzo yote na stakabadhi, kisha ripoti polisi. Sikufichi: kadiri siku zinavyopita ndivyo fedha inavyokuwa ngumu kurudi.

Safari nyingine, muuzaji aliye Dar lipa ukishaushika mzigo. Akikataa, omba Lipa Namba ya biashara na utazame jina linalotokea kabla hujathibitisha. Likiwa halifanani na jina la duka, acha.

Marafiki wameipenda bia yangu, wanataka kununua. Naruhusiwa? (Msomaji, Sinza)

Kuuza kileo bila leseni ni kosa, hata kama ni ndoo moja kwa jirani. Nenda kwanza manispaa ukaulize. Na kuchemsha ili kukusanya mvuke, yaani gongo, usijaribu kabisa, hata kwa matumizi yako. Sheria inakataza, na watu wamepofuka na kufa kwayo.

Mwanangu, nilitia bia yangu kwenye chupa za mvinyo nilizookota kwa jirani mwenye baa. Tatu zimepasuka stoo usiku, vioo hadi darini. Zimebaki mbili. Ninunue chupa gani? (Mzee, Mbezi)

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Nashukuru Mungu zilipasuka usiku, hakuna mjukuu aliyekuwa karibu.

Chupa ya mvinyo wa kawaida haikuundwa kubeba gesi. Tumia chupa za plastiki za soda, zilizooshwa vizuri. Zinavumilia msukumo mkubwa, na ukibonyeza kwa kidole unajua gesi imefika wapi: ikiwa ngumu kama jiwe, ingiza friji. Sina sababu ya kukupeleka mbali wakati chupa hizo zipo kila mtaa. Ukipenda za kioo, tumia za bia zenyewe, nzito, zisizo na ufa. Vifuniko vyake na mashine ya kuvibana ndivyo utakavyoagiza, navyo haviharibiki njiani.

Usitie bia chupani mpaka haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo. Kisha sukari ya gesi ni gramu 6 hadi 7 kwa lita, iliyopimwa kwa mizani. Kijiko kinadanganya.

Hizo mbili zilizobaki, mzee, usiziguse mikono mitupu. Vaa miwani na glavu nene, zifunike taulo zito, zipeleke friji polepole bila kuzitikisa. Zilale humo hadi kesho. Ndipo uzitoe uani, zikiwa bado ndani ya taulo, watoto wakiwa ndani, uzifungue moja moja.