Hilux: pedeli ya klachi bado laini baada ya kubadilisha silinda ya chini

Mkuu uliyeuliza: umebadilisha silinda ya chini ya klachi, fundi katoa upepo, pedeli bado inashuka bila uzito na rivasi inakwaruza. Sasa anakwambia ununue na masta ya juu, yaani silinda inayosukumwa na pedeli. Subiri kwanza. Hilux yangu ni ya zamani, klachi yake naitoa upepo mwenyewe nyumbani, na dalili hizo nazijua.

Anza na jaribio la bure. Gari likiwa limezimwa, pampu pedeli harakaharaka mara kadhaa. Ikipanda na kuwa ngumu, kisha ukiiacha kidogo inalegea tena, mara nyingi huo ni upepo ulioingia kwenye mafuta ya klachi. Lakini ukiwasha, ukakanyaga mpaka chini, gia ya kwanza ikaingia vizuri, halafu gari likaanza kusogea lenyewe na mguu wako hujautoa, raba za masta zinapitisha mafuta. (Fanya hili sehemu ya wazi, mguu wa pili juu ya breki.)

Kama ni upepo, njia ya kawaida unaijua: mmoja kwenye pedeli, mwingine chini ya gari. Hilux iko juu, unaingia bila jeki, ila weka mawe kwenye matairi na uvute handibreki. Chomeka mpira mwangavu kwenye nipo (kile kiskrubu cha kutolea upepo kwenye silinda ya chini), ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Aliye juu anakanyaga na kusema "nimeshika", wewe unafungua, pedeli inadondoka, unafunga, ndipo anaachia. Wengi wanaharibu hapo: mguu unaachia kabla nipo haijafungwa, upepo unavutwa upya. Na pedeli isiporudi yenyewe msishtuke, iinueni kwa mkono. Kikopo cha juu cha mafuta kisikauke hata mara moja, maana kikikauka mnaanza upya. Nipo ifungue kwa spana ya ringi, ile ya mdomo wazi inakula kona zake.

Tatizo ni kwamba masta ya klachi ni ndogo. Kila mkanyago unasukuma mafuta kidogo tu, na upepo uliokaa kwenye kona ya juu ya bomba unashuka kidogo, kisha unapanda tena kama povu la soda. Mtapampu mpaka jioni. Hapo mimi huusukuma kutoka chini kwenda juu, kwa sababu upepo wenyewe unataka kupanda.

Punguza mafuta kwenye kikopo yabaki nusu, kifuniko kikae wazi. Fungua zile bolti mbili zinazoshika silinda ya chini kwenye giaboksi, mpira wake wa mafuta usiuguse. Igeuze ili mahali mpira unapoingia pawe juu kuliko pengine. Nipo ikiwa imefungwa, sukuma kile kijiti chake ndani taratibu kwa dole gumba, kisha kiachie kirudi polepole huku umekizuia. Mwenzako aangalie kikopo: ataona mapovu yanatoka. Rudia mpaka yakome. Kitu kimoja usisahau: silinda ikiwa nje, MTU ASIGUSE PEDELI. Pistoni itachomoka na mafuta yote yatamwagika.

Mafuta ni ya breki, daraja la DOT 3 au DOT 4, fuata maandishi ya kifuniko. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo. Na yule anayekushauri uongeze oili ya injini "kwa muda" mpuuze kabisa, inavimbisha raba zote. Yakidondokea rangi ya gari mwagia maji hapohapo, yanaibabua. Chupa iliyokaa wazi miezi stoo nayo siitumii, mafuta haya yanavuta unyevu.

Ukimaliza, pedeli ikawa nzuri kisha ikalegea tena baada ya siku chache, kuna mahali panavuja. Funua kibuti cha raba cha silinda mpya, maana hata mpya huwa zinakuja mbovu, hasa za bei ya chee. Kagua mpira unaonyumbulika: mtu akikanyaga, usivimbe. Halafu ingiza mkono chini ya dashibodi, pale kijiti cha pedeli kinapoingia kwenye masta. Ukikuta pamelowa mpaka zulia, fundi wako yuko sahihi, nunua masta.