Umebadili unene wa nyuzi? Kagua nati kabla ya kulaumu funguo

Ukikaza uzi ukasikia "tik", kisha noti ikaruka ghafla kupita pale ulipoitaka, funguo za gita mara nyingi hazina kosa. Uzi umebanwa kwenye nati, kile kipande cha mfupa au plastiki kinachozishika nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa. Mvuto hujikusanya nyuma ya nati, uzi ukiponyoka noti inaruka. Ndiyo maana pia ukiuvuta uzi kwa kidole haurudi mahali pake.

Kutoka seti ya 9 kwenda ya 10 (namba ni unene wa uzi mwembamba kuliko wote, kwa elfu za inchi), uzi mnene kuliko wote kwa kawaida hutoka inchi 0.042 hadi 0.046. Hiyo ni sehemu moja tu ya kumi ya milimita, lakini yatosha kuubana.

Wewe unayeanza, tupa, kile chuma cha kukwangulia mifereji ya nati inamopita nyuzi, iache kwanza mezani. Kwenye gita lenye inchi 25.5 kutoka nati hadi daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini, seti ya 9 huvuta kwa jumla ya kilo 38 hivi, ya 10 huvuta 46. Shingo hupinda mbele, nyuzi zinainuka juu ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatisha shingo. Tyuni, uliache gita litulie, rekebisha chuma cha ndani ya shingo, ndipo uje kwenye nati. Mimi gita langu la kwanza nililichonga siku ileile nilipoweka nyuzi nene, nikadhani mifereji haina kina cha kutosha. Shingo iliponyooshwa, nyuzi tatu zikawa zinagonga freti ya kwanza. Mfupa ulioondoka na tupa haurudi, na tangu hapo sichongi kabla ya kupima.

Kipimo chenyewe hakihitaji kifaa. Bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, utazame juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa nafasi nyembamba kama unywele, na ukiugusa uzi hapo usikie mgongano mdogo. Pakiwa hakuna nafasi, mfereji umezama mno. Ikiwa kubwa, kodi ya F (noti zake hupigwa pamoja) itakutesa na noti za freti ya kwanza zitalia juu kuliko inavyopaswa.

Mara nyingi kinachotakiwa ni upana, si kina. Tumia tupa ya nati pana kidogo kuliko uzi, ukwangue kuta bila kugusa chini. Sakafu ya mfereji iteremke kuelekea kwenye kichwa, ili uzi uachane na nati kwenye ukingo unaotazama freti. Ukiachana nyuma yake, uzi usiobonyezwa huvuma kama nzi. Unga wa penseli ndani ya mfereji husaidia uzi kuteleza.

Ukienda kwenye nyuzi nyembamba, mifereji huwa mipana na uzi unazama. Unga wa mfupa na supaglu huziba, ila huliwa upesi; mimi hupendelea nati mpya. Kata rangi pembeni yake kwa wembe kabla ya kuing'oa, la sivyo itabanduka na vipande vya rangi. Ikiwa imekaa ndani ya mfereji wa shingo, isukume kwa ubavuni, maana kuigonga kwa mbele huvunja mbao. Ya kurudishia, tone mbili ndogo za gundi zatosha, kwa sababu nyuzi zenyewe zinaikandamiza.

Ile ya zamani usiitupe. Ilaze juu ya mpya uhamishe alama za nafasi kati ya nyuzi.